Ukiizima inarudi: njia za kusimamisha programu king'ang'anizi kwenye kompyuta, na ipi uchague

Wiki ya mwisho ya kukabidhi ripoti za utafiti, stationery za upande wa Ubungo na Changanyikeni hufunguliwa mapema na foleni inafika barabarani. Asubuhi moja ya wiki kama hiyo nilipigiwa simu na dada mmoja ninayemhudumia mashine zake. "Kaka, printa imegoma. Ile kazi nimeifuta, imeandika inafutwa, mpaka sasa haijafutika. Nikaingia kwenye Task Manager nikaiua, ikarudi. Nikazima kompyuta kabisa, nikawasha, bado ipo. Nifanyeje?"

Alikuwa ameshajaribu njia tatu, na zote ni njia halali. Ila hakuna hata moja iliyokuwa dawa ya ugonjwa ule. Wengi wetu tumefundishwa kupanda ngazi ya ukali: bofya msalaba, ikikataa nenda Task Manager (orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa), ikikataa zima kompyuta, ikikataa chomoa waya ukutani. Miaka yangu ya kuzunguka Mwenge, Sinza na maofisi ya mjini imenionyesha kwamba ukali siyo kipimo. Kinachoamua njia ni majibu ya maswali mawili. Hiyo programu ina nini mkononi sasa hivi? Na ikifa, nani anaiamsha?

Nitalinganisha njia kwa maswali hayo. Windows nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo iliyo kwenye meza nyingi ninazoitwa. Linux itafuata kwa karibu, maana maswali yake ni yaleyale. Mac nitaipitia tu.

Notisi, au vyombo nje

Programu yoyote inapoendeshwa, kompyuta huihesabu kama mchakato mmoja au zaidi, na kila mchakato una namba yake. Kuna namna mbili za kuuondoa. Ya kwanza ni kama mwenye nyumba anayempa mpangaji notisi: unauambia ufunge kazi, uhifadhi faili, uondoke wenyewe. Ya pili ni kumtolea mpangaji vyombo nje usiku. Nyumba inapatikana, lakini kilichokuwa jikoni kinamwagika.

Kwenye Windows tofauti hiyo utaiona waziwazi ukitumia amri ya taskkill. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika:

`taskkill /IM WINWORD.EXE`

Hiyo ni notisi. Word itapata nafasi ya kuuliza kama uhifadhi waraka. Ukiongeza /F mwishoni, umetoa vyombo nje. Hakuna swali, hakuna kuhifadhi.

Sasa, programu ya nyuma ya pazia, isiyo na dirisha lolote kwenye skrini, kwa kawaida haina mlango wa kugonga. Ukiipelekea taskkill bila /F, Windows inakujibu kwamba mchakato huo unaweza kuondolewa kwa nguvu tu. Watu wakiona jibu hilo hudhani wamekosea kuandika. Hawajakosea. Ni kompyuta inakueleza kwamba hapa notisi haisomwi, na uamuzi wa kutumia nguvu ni wako.

Linux imepanga jambo hili vizuri zaidi. Amri ya kill peke yake hutuma ishara namba 15, ambayo programu inaweza kuipokea, ikafunga faili zake, ikaondoka. Ukiandika kill -9, ishara haifiki kwa programu kabisa. Kiini cha mfumo ndicho kinachoikata, na programu haiwezi kuikataa wala kujiandaa. Mafundi vijana wamezoea -9 kama salamu. Ninawaomba watume 15 kwanza, wahesabu sekunde kumi, ndipo wafikirie 9.

Kwa nini ninashikilia hivyo? Nilikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la jumla. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mwanangu, programu ya mauzo ilikuwa imeganda, kijana akaizima kwa nguvu, sasa haifunguki kabisa." Programu ile ilihifadhi kila kitu kwenye faili moja la Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na ilikatwa katikati ya kuandika. Tulilirekebisha kwa zana ya Access yenyewe, lakini mauzo ya nusu siku ilibidi yaingizwe upya kutoka kwenye risiti. Hifadhidata kubwa kama MySQL zikitumia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla, na zikikatwa ghafla hujirekebisha zinapowashwa tena. Faili dogo la Access halina kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo ukikuta mchakato umeganda na unajua unashika hesabu za mtu, angalia kwanza safu ya diski kwenye Task Manager. Kama namba inacheza, mchakato bado unaandika. Subiri. Dakika tano za kusubiri ni nafuu kuliko jioni nzima ya kuingiza risiti.

Kwa programu zisizoshika kitu, mfano kisasishaji cha printa au kile kidude cha kuangalia matoleo mapya ambacho kila programu inakuja nacho siku hizi, toa vyombo nje bila wasiwasi.

Kitufe, jina au namba

Kitufe cha "End task" kwenye Task Manager ndicho rahisi kuliko vyote, na kwa mtu wa kawaida mara nyingi kinatosha. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, bofya programu, bofya kitufe. Kama kilichoganda ni upau wa chini na menyu ya Start, hata usiue chochote: tafuta Windows Explorer kwenye orodha, bofya kulia, chagua "Restart". Skrini itapepesa, kila kitu kitarudi, na madirisha ya mteja yatabaki yalivyo.

Taskkill inazidi kitufe pale mashine ilipochoka kiasi kwamba Task Manager yenyewe haifunguki, au michakato iliyoganda ni mingi. Amri hii huondoa yote isiyoitikia kwa mkupuo:

`taskkill /F /FI "STATUS eq NOT RESPONDING"`

Lakini nakutahadharisha na jina. Ukiandika `taskkill /F /IM chrome.exe` hujaondoa ukurasa mmoja ulioganda, umefunga Chrome yote, pamoja na fomu ya mkopo ambayo mwanafunzi alikuwa amefika hatua ya mwisho kuijaza. Chrome hugawa kazi zake katika michakato mingi yenye jina moja. Kwa hali kama hiyo tumia namba, `taskkill /F /PID` ikifuatiwa na namba ya mchakato husika, au bora zaidi, ingia kwenye Task Manager ya Chrome yenyewe iliyo ndani ya menyu yake, ambayo inakuonyesha kila ukurasa kwa jina lake.

Kuna majina mengine usiyaguse kabisa. Csrss.exe na wininit.exe ni nguzo za Windows. Ukiwa na ruhusa ya msimamizi na ukazing'oa, skrini ya bluu inakuja papo hapo na kila kilichokuwa wazi kimekwenda.

Kuua mchakato, au kusimamisha huduma

Hapa ndipo alipokwama yule dada, na hapa ndipo wengi wanakwama.

Baadhi ya michakato ya nyuma siyo programu za kawaida. Ni huduma, yaani zinasimamiwa na Windows yenyewe. Huduma ina msimamizi anayejua inatakiwa iwe hai, na mara nyingi ameelekezwa: ikifa ghafla, iwashe tena. Unapoua mchakato wa huduma kwa "End task", msimamizi anaona ajali. Hajui kama ni wewe umeamua. Anafanya alichoagizwa, anaiwasha. Wewe unaona kama programu ina kiburi, kumbe ni utii wa mtu mwingine. Ni kama umemtoa mpangaji na dalali hukumwambia. Jioni dalali anamrudisha na funguo mkononi.

Ukisimamisha huduma kupitia njia yake, msimamizi anajua ni agizo, na hairudishi. Andika `services.msc` kwenye kisanduku cha kutafutia, tafuta jina la huduma, bofya kulia, chagua "Stop". Au kwa dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, andika `net stop` na jina lake. Linganisha matokeo: End task inachukua sekunde moja na inadumu dakika moja; net stop inachukua sekunde kumi na inadumu mpaka utakapowasha kompyuta upya. Ukitaka idumu zaidi ya hapo, badili namna inavyoanza iwe "Disabled". "Manual" haitoshi, maana programu nyingine inaweza kuiita ikaamka.

Kesi ya printa ina jambo la ziada. Huduma ya kuprinti inaitwa Print Spooler, na kila kazi unayotuma huiandika kama faili kwenye folda ya spool\PRINTERS ndani ya System32. Faili zinakaa kwenye diski. Ndiyo maana kuzima kompyuta hakukusaidia: huduma iliamka, ikasoma folda, ikakuta ile ripoti mbovu ya kurasa 60 palepale, ikaanza kuhangaika nayo upya. Unatakiwa kusimamisha huduma, kufuta faili, kisha kuiwasha. Mistari mitatu tu:

`net stop spooler`
`del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"`
`net start spooler`

Nilimsomea kwa simu, herufi kwa herufi, na printa ikatoa karatasi kabla sijakata. Jioni nilipita nikamwekea mistari hiyo kwenye faili moja juu ya dawati la kompyuta, nikaliita foleni.bat. Sasa akikwama anabofya kulia, anachagua kuendesha kama msimamizi, yamekwisha. Nilimweleza pia kwamba faili hilo linafuta kazi zote zilizo kwenye foleni, za kila mteja, kwa hiyo atangaze kwanza ili watu wajue watatuma upya. Nikipata stationery yoyote yenye printa zaidi ya moja, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachowaachia.

Inatokea pia huduma ikapokea agizo la kusimama ikaganda njiani. Imeandikwa "Stopping", vitufe vyote vimefifia, huwezi kuiwasha wala kuizima. Hapo ndipo nguvu inapofaa, na hapo tu. Tafuta namba yake:

`sc.exe queryex spooler`

Itakupa PID, yaani namba ya mchakato. Iondoe kwa `taskkill /F /PID` na namba hiyo. Zingatia ile .exe baada ya sc. Kwenye dirisha la PowerShell linalokuja na Windows, sc peke yake ni kifupi cha amri ya kuandika faili, na badala ya kukupa habari za huduma itakutengenezea faili liitwalo queryex. Nimewahi kulikuta faili hilo kwenye mashine ya ofisi, na mwenyewe hajui limetoka wapi.

Angalia jambo moja kabla hujaua. Huduma nyingi hupanda ndani ya mchakato uitwao svchost.exe. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, mashine yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake. Lakini zile laptopu za mtumba zenye GB 2, ambazo bado zinafanya kazi nzuri tu kwenye vibanda vya mtaani, huduma kadhaa zinakaa chumba kimoja. Ukiua chumba, unaweza kuua na sauti au mtandao. Amri ya `tasklist /svc` inakuonyesha nani anakaa na nani.

Linux iko hivyohivyo. Ukiua kwa kill huduma iliyowekewa kujiwasha, systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, inaiwasha. Ukisema `systemctl stop`, inaelewa ni agizo. Huipa notisi, ikingoja kwa kawaida sekunde 90, ndipo inaikata. Na huko nako kuna madalali: simamisha cups, yaani huduma ya kuprinti, na utaonywa kwamba inaweza kuamshwa na cups.socket au cups.path. Simamisha zote tatu, au tumia `systemctl mask`, ambayo hufunga mlango kabisa mpaka uufungue mwenyewe. Ninapendelea mask kuliko disable kwa kitu ambacho sitaki kukiona tena, kwa sababu disable inazuia tu isianze na mashine, haizuii kuitwa.

Kwenye Mac, Option, Command na Esc hukuonyesha programu zenye madirisha tu. Za nyuma zitafute kwenye Activity Monitor, anza na "Quit" kabla ya "Force Quit". Kama inarudi, launchd, msimamizi wa huduma wa Mac, ndiyo dalali wako. Tangu macOS Ventura ya mwaka 2022 unaweza kuinyima ruhusa ya kufanya kazi nyuma ya pazia kwenye mipangilio ya Login Items.

Inarudi, na siyo huduma

Ukiua mchakato, ukarudi, na kwenye services.msc haumo, kuna sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni orodha ya programu zinazoanza na kompyuta, iliyomo ndani ya Task Manager. Ya pili ni Task Scheduler, ratiba ya kazi, ambako programu hujipangia kuamka kila saa au kila unapoingia. Ya tatu ni mlinzi: programu inayoendesha michakato miwili, mmoja ukifa mwingine unauwasha.

Kwa mlinzi, "End task" ya mmoja mmoja ni kufukuza nzi. Alama ya /T kwenye taskkill huondoa mchakato pamoja na watoto wake, lakini haipandi juu kwa mzazi. Ukimpiga mtoto, mzazi anazaa mwingine. Lazima umjue mzazi, na Task Manager haionyeshi ukoo vizuri. Process Explorer inaonyesha. Ni programu ya bure, kutoka kwenye mkusanyiko wa Sysinternals ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996, na Microsoft ikaununua mwaka 2006. Michakato imepangwa kama mti, nani kamzaa nani, na unaweza kuondoa tawi zima. Ndugu yake Autoruns anakuonyesha kila kona ambako programu imejiandikisha kuanza, kuliko Task Manager inavyoonyesha. Mimi hutembea nazo zote mbili kwenye flashi.

Kwa mtu wa ofisini asiye fundi, sikushauri kuanza na Process Explorer. Ina rangi nyingi na mamlaka mengi. Anza na orodha ya kuanzia. Kwa uzoefu wangu nusu ya malalamiko ya "mashine nzito" yanaishia hapo.

Kuisimamisha kidogo tu

Njia hii haitumiki inavyostahili. Kijana ana usaili kwa video, bando ni la simu, na programu ya kuhifadhi picha mtandaoni imeamua kupandisha mafaili saa hiyohiyo. Huna haja ya kuiua. Kama ina kitufe chake cha kusitisha karibu na saa, kitumie. Kama haina, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda ukurasa wa CPU, bofya kulia, "Suspend process". Inalala ilipo. Usaili ukiisha, "Resume process". Kwenye Linux ni kill -STOP na kill -CONT.

Ukilinganisha na kuua: kilichomo mkononi hakipotei, prosesa inapumua, ila RAM iliyoshikwa haiachiwi, na kama ilikuwa inazungumza na mtandao inaweza kukuta imekatiwa. Kwa mashine iliyoelemewa RAM, njia hii haikusaidii. Na usilaze michakato ya Windows yenyewe.

Zisizouawa

Kuna michakato miwili ninayoulizwa kila wiki, na kwa yote miwili ushauri wangu ni uache kupigana nayo.

Wa kwanza ni MsMpEng.exe, kinga ya virusi ya Windows. Mchakato huu unakula prosesa, na ukijaribu kuuua unaambiwa huna ruhusa, hata kama wewe ndiye msimamizi. Mchakato huo umelindwa makusudi, maana kirusi kingeweza kuua kinga kwanza. Panga uchunguzi wake ufanyike saa ambazo duka limefungwa lakini mashine inawaka. Usiuondoe. Kwa stationery inayopokea flashi za watu 50 kwa siku, kuishi bila kinga ni kugeuka kituo cha kugawa virusi kwa mtaa mzima.

Wa pili ni masasisho ya Windows. Unaona bando linayeyuka, unakuta svchost ndiyo inayovuta, unaizima huduma ya Windows Update, kesho imewaka tena. Windows ina huduma nyingine ambayo kazi yake ni kuirudisha hiyo ikivurugwa. Hapa mpangilio unashinda nguvu. Fungua mipangilio ya mtandao unaotumia, iwe Wi-Fi ya simu au ya duka, na uutie alama ya "Metered connection". Windows itajua ni mtandao wa kulipia kwa kipimo na itaacha kupakua sehemu kubwa ya vitu vyake yenyewe. Unaweza pia kuyasitisha masasisho, hadi wiki 5 kwenye Windows 11. Kisha siku ukiwa mahali penye mtandao usio wa kuhesabu, yaruhusu. Mashine nyingi ninazozishika bado zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi.

Halafu kuna mchakato ambao kweli haufi. Umetumia nguvu, kwa namba, kwa ruhusa ya msimamizi, na bado upo kwenye orodha. Mara nyingi unasubiri jibu kutoka kwenye kifaa kupitia draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho, na mfumo hauwezi kuuzika mpaka jibu lirudi. Flashi mbovu ndiyo sababu ninayokutana nayo zaidi. Kwenye Linux utaiona hali hiyo kwa herufi D ukiendesha ps au top, amri za kuorodhesha michakato, na hata kill -9 itasubiri. Usiichanganye na herufi Z. Hiyo ni maiti isiyozikwa: mchakato umekufa tayari, unangoja mzazi wake aje kuchukua taarifa za kifo. Kumpiga maiti risasi hakusaidii. Shughulika na mzazi.

Kwa D, na kwa mwenzake wa Windows, tiba ni kifaa. Kama umeshajaribu kuitoa flashi kwa utaratibu na mfumo unasema inatumika, tumia utafutaji wa Process Explorer, andika herufi ya flashi, mfano E:, na utaona ni nani ameshika faili lake. Mara nyingi ni Word au Excel iliyobaki nyuma baada ya dirisha kufungwa. Funga huyo. Ikiwa flashi yenyewe imekufa, ichomoe. Mara nyingi mchakato huachilia kifaa kinapotoweka. Mwambie mwenye flashi kabla hujaichomoa, kwa sababu faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, na ni haki yake kuamua.

Restart, Shut down, au kitufe cha pembeni

Ukikwama kabisa, wengi huchagua kuzima kompyuta na kuiwasha, wakidhani ni sawa na Restart au hata ni bora. Kwenye Windows siyo sawa. Tangu Windows 8 kuna mpango wa kuwaka haraka: ukibofya "Shut down", Windows inafunga programu zako, lakini kiini cha mfumo, draiva na huduma huhifadhiwa kwenye diski zikiwa katika hali ileile, na ukiwasha zinarudishwa. Draiva iliyoganda inaamka imeganda. "Restart" haifanyi hivyo. Inaanza upya kabisa. Kwa mchakato ung'ang'anizi chagua Restart. Ukitaka kuzima kweli, shikilia Shift unapobofya "Shut down".

Kama programu inakamata mashine mapema kiasi kwamba hupati nafasi ya kuigusa, shikilia Shift ukibofya "Restart", na uelekee hali salama (Safe Mode), ambako huduma nyingi hazianzi. Hakikisha kwanza una ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kwa sababu laptopu iliyofungwa diski inaweza kuudai njiani, na nimeona watu wakibaki nje ya mashine yao wenyewe siku mbili.

Kitufe cha pembeni, kukishikilia mpaka mashine izimike, ni sawa na umeme kukatika. Nakitumia pale tu kipanya kimekufa, kibodi haisikii, na taa ya diski haiwaki tena. Taa ikiendelea kupepesa, ninakaa. Wenye kompyuta za mezani bila UPS wanaizoea hali hii kwa sababu umeme unawazoesha, lakini kila kukatika katikati ya kuandika ni hatari ileile iliyompata mama wa duka la jumla. Ukishazima hivyo na ukawasha, usimfungulie mteja wa kwanza hapohapo: bofya kulia kwenye diski C, nenda "Properties", "Tools", uiache ijikague. Dada wa Changanyikeni hulifanya hilo akiwa anawapangia wateja karatasi.